Noti Naelewa, Skrini Tupu Nakwama: Jibu kwa Mwanafunzi wa Stashahada ya TEHAMA

Swali: "Mwalimu, natumai u mzima. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya TEHAMA, Kiwango cha 6, katika taasisi moja ya ufundi hapa Kisumu. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nilipata C, na Hisabati D+. KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, ndiyo iliyonipa nafasi hii. Mitandao, hifadhidata na kutengeneza kompyuta naelewa vizuri. Kinachonishinda ni kuandika programu. Mkufunzi akieleza ubaoni naelewa, nikisoma noti usiku naelewa, lakini nikiambiwa niandike yangu nabaki nikiikodolea skrini macho. Muhula uliopita nilifanyiwa tathmini ya Python, lugha ya kuandikia programu, nikaambiwa sijafikia umilisi. Sina laptopu, na maabarani tunakaa watatu kwa kompyuta moja. Mama ni mkulima wa mpunga Ahero na karo inamlemea. Mjomba ananiambia nihamie chuo cha kibinafsi mjini kinachotoa diploma kwa miezi tisa, na wengine wananishauri nishuke hadi Kiwango cha 5. Siku hizi hata kazi za darasani naandikiwa na akili mnemba kwenye simu. Je, ni Hisabati inayonizuia, au sina kichwa cha kompyuta? Niendelee, nihame, au niache?"

Jibu: Mwanangu, mimi ni mzima, na nakushukuru kwa kuyaandika haya kinaganaga, kwa maana mwanafunzi anayeweza kueleza mahali hasa anapokwama amenipunguzia nusu ya kazi. Nikilisoma swali lako, naona kwamba hofu yako kubwa si karo wala laptopu, ingawa yote mawili ni mazito. Hofu yako ni kwamba kukwama mbele ya skrini tupu ni ushahidi kuwa uliingia katika kozi isiyo yako. Nimefundisha TEHAMA katika taasisi za ufundi za magharibi mwa Kenya kwa miaka mingi, na malalamiko haya nimeyasikia kutoka kwa wanafunzi wengi, wakiwemo waliokuja kuwa hodari kabisa katika kuandika programu. Tatizo halitokani na kichwa chako. Linatokana na namna unavyosoma, na namna hiyo hubadilika.

Tuiondoe kwanza Hisabati njiani. Imani kwamba programu huandikwa na wajuzi wa Hisabati peke yao imewakatisha tamaa vijana wengi, na katika kiwango cha stashahada haina msingi mkubwa. Utakachohitaji ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kujua baki, kulinganisha kipi kikubwa na kipi kidogo, na kufuata mantiki ya "na", "au" na "si". Isitoshe, wewe mwenyewe umeandika kwamba mitandao unaielewa. Ikiwa unaweza kuugawanya mtandao wa /24, yaani wenye anwani 256, katika sehemu nne, ukajua kwamba kila sehemu ya /26 ina anwani 64, na kwamba mashine zinaweza kupewa 62 tu kwa sababu anwani ya kwanza hutaja mtandao wenyewe na ya mwisho hutumika kuzitangazia mashine zote, basi umekwisha kufanya hesabu za mfumo wa jozi ambazo huwatoa wengi jasho. D+ yako ilipima vekta, trigonometria na mengine mengi chini ya shinikizo la mtihani; haikupima kama unaweza kuipanga kazi katika hatua. Nitakuwa mkweli kwamba ukitaka baadaye kusomea shahada ya sayansi ya kompyuta, Hisabati itakudai zaidi, na utahitaji kuirudia kwa bidii. Lakini hilo ni la baadaye, na silo linalokukwamisha leo.

Linalokukwamisha ni hili. Kuuelewa msimbo, yaani maagizo ya programu, ulioandikwa na mtu mwingine ni kazi moja, na kuutunga wako ni kazi nyingine, na akili haipati ya pili kwa kurudia ya kwanza. Unaposoma noti usiku, kila mstari unaoupitia unaufahamu kwa sababu uko mbele yako, na jibu limekwisha kutolewa. Ufahamu huo ni wa kweli, lakini ni wa kutambua. Skrini tupu haikuombi utambue kitu. Inakuomba ukivute kutoka kumbukumbuni, ukipange, kisha ukiandike bila mtu wa kukuonyesha kinachofuata. Wewe umekua ukimtazama mama akipanda mpunga, na unajua kwamba mtu aliyesimama tu juu ya tuta akitazama bado hajajua kushika mche na kuuchomeka kwenye tope ukasimama.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha majaribio yanayolihusu jambo hili moja kwa moja. Baadhi ya wanafunzi walisoma kifungu cha maandishi tena na tena. Wengine walikisoma kisha wakafunga na kujilazimisha kukumbuka kilichokuwemo. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, na waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Lakini kinachonigusa zaidi katika matokeo hayo ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba wangekumbuka. Hiyo ndiyo hali yako ya usiku ukiwa na noti: imani inapanda, uwezo unabaki pale pale, na siku ya tathmini unajiona umedanganywa na akili yako mwenyewe.

Tuchukue mfano mdogo tuufanyie kazi kwa karibu. Chama kina wanachama watatu waliochanga shilingi 200, 150 na 300, nasi tunataka jumla. Msimbo wa Python ni huu:

jumla = 0
for mchango in [200, 150, 300]:
    jumla = jumla + mchango
print(jumla)

Ukiusoma unasema, "Naelewa." Sasa ufunge, chukua karatasi, uchore safu mbili, moja ya mchango na nyingine ya jumla, kisha uwe wewe ndiye kompyuta. Kabla ya mzunguko kuanza, yaani mstari wa for na ule ulio ndani yake unaorudiwa kwa kila mchango, jumla ni 0. Mzunguko wa kwanza mchango ni 200, na jumla inakuwa 200. Wa pili mchango ni 150, na jumla inakuwa 350. Wa tatu mchango ni 300, na jumla inafika 650, ndipo inapochapishwa. Sasa uhamishe mstari wa kwanza, ule wa jumla = 0, uuweke ndani ya mzunguko, kisha ufuatilie tena. Utaona kwamba kila mchango unapoingia, jumla inafutwa na kurudishwa sifuri kabla ya kuongezwa, hata mwisho programu inachapisha 300, yaani mchango wa mwisho pekee. Kompyuta haitakuonyesha kosa lolote, kwa kuwa kila mstari ni halali. Jaribu la tatu: urudishe mstari huo mahali pake, kisha uusogeze mstari wa mwisho uwe ndani ya mzunguko. Utapata mistari mitatu, 200, 350 na 650.

Mwanafunzi aliyeyafuatilia hayo matatu kwa kalamu anajua kitu ambacho asiyefuatilia hakijui hata akisoma sura nzima: kwamba mahali mstari ulipo ndipo penye kuamua unafanyika mara ngapi. Wengi wa waliokaa nami baada ya kukosa tathmini wamekwama hapo hapo. Wanayajua maneno ya Python yote, lakini hawana picha ya kinachobadilika mstari kwa mstari, na bila picha hiyo kuandika kunageuka kubahatisha.

Kwa hiyo badilisha utaratibu wako. Ukimaliza kusoma mfano, fuatilia kwa karatasi, funga kila kitu, uuandike upya kutoka kichwani. Utakwama, na hapo ndipo kujifunza kunapoanza, kwa hiyo usikimbilie noti mapema. Kaa na ugumu huo dakika kumi hivi kabla ya kuchungulia. Ukishauandika, ubadilishe kidogo: badala ya jumla utafute mchango mkubwa kuliko yote, au uhesabu waliochanga zaidi ya shilingi 180. Unapopewa swali jipya usianze na Python. Andika hatua kwa Kiswahili au kwa Kijaluo, kwa lugha unayoiota, kana kwamba unamwagiza mdogo wako: chukua daftari la chama, anza na sifuri, pitia majina moja baada ya jingine, ongeza. Ukiwa na hatua hizo, kinachobaki ni kutafuta namna Python inavyosema kila moja. Skrini haiwi tupu tena, kwa sababu mpango umeufanya mahali pengine. Na ujumbe wa kosa ukitokea, usiufute kwa woga. Shuka hadi mstari wake wa mwisho. Ukiona NameError, kuna jina umelitumia kabla ya kulipatia thamani, au umelikosea herufi. Ukiona IndentationError, nafasi za mwanzo wa mstari hazilingani. Ujumbe huo pia hukutajia nambari ya mstari wa kuanzia kuutafuta.

Kuhusu mashine, sitakuambia kwamba laptopu haina maana. Ina maana sana, na wenzako walio nayo wanapata saa ambazo wewe huzipati. Lakini sehemu kubwa ya kazi niliyokueleza haihitaji umeme. Kwa ile inayouhitaji, simu yako ya Android inatosha kuanzia: kuna programu kama Pydroid 3 na Termux zinazoendesha Python ndani ya simu yenyewe, hata ukiwa huna bando baada ya kuziweka. Kibodi ya simu inachosha, ndiyo, ila programu zako za sasa ni za mistari kumi au ishirini. Ulizia pia kama taasisi yako ni mojawapo ya zile zilizowekewa maabara za kidijitali za mradi wa Jitume, kwa sababu zipo taasisi ambazo maabara hizo hukaa wazi bila wanafunzi kujua kwamba ni zao. Ukija kupata pesa ya kununua laptopu ya mitumba, tafuta yenye diski ya SSD, ile ya kasi, na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8 ukiweza, na usishawishike na ukubwa wa skrini.

Hilo la kukaa watatu kwa kompyuta moja linataka ujasiri kidogo. Naweza kukisia kwamba mmoja wenu ndiye anayeshika kibodi kila siku, naye ndiye mwenye kasi zaidi, na nyinyi wawili mnaitikia kwa kichwa. Wazungumzie wenzako mpokezane kibodi kila dakika kumi na tano, na kwamba asiyeshika ndiye atakayesema kinachofuata kuandikwa huku mwenye kibodi akiandika tu. Kulazimika kukisema kinachofuata kwa mdomo ni kukivuta kutoka kumbukumbuni, na hapo hata zamu ya kutoshika inakufaa.

Sasa akili mnemba. Sikulaumu, na sitakukataza kuitumia, utaikuta kazini. Lakini kuitaka ikuandikie zoezi ni kuipa kile kile ulichoingia chuoni kukipata, na kwenye tathmini ya vitendo utakuwa peke yako na mtathmini. Itumie baada ya kujaribu. Iandikie msimbo wako ulioharibika, uiulize kwa nini unachapisha 300 badala ya 650, na uiombe isikupe msimbo uliosahihishwa. Kisha usahihishe mwenyewe.

Tuje kwenye kuendelea, kuhama au kuacha. Katika mafunzo ya umilisi yanayotathminiwa na TVET CDACC, baraza la mitaala na tathmini za mafunzo ya ufundi (TVET) lililoundwa chini ya Sheria ya TVET ya mwaka 2013, kila yuniti husimama peke yake. Kuambiwa hujafikia umilisi katika kuandika programu hakufuti mitandao wala hifadhidata uliyokwisha kufaulu. Unajiandaa upya na kutathminiwa tena katika yuniti hiyo. Lakini nisikufiche: kuandika programu ni mojawapo ya yuniti za msingi za kozi ya Kiwango cha 6, huwezi kuiruka, na bila yake hutapata cheti kamili. Kwa hiyo kuendelea kuna maana ikiwa utabadilisha utaratibu. Ukiendelea na utaratibu ule ule, utalipa tena ada ya tathmini na kupata jibu lile lile.

Kushuka hadi Kiwango cha 5 si aibu, na wapo wanafunzi ninaowashauri waanzie huko. Katika mfumo wa kitaifa wa sifa za masomo, Kiwango cha 5 ni cheti, cha 6 ni stashahada na cha 7 ni shahada. Njia hiyo imewekwa kwa ajili ya mtu ambaye KCSE yake haikufika C-, ili apande ngazi kwa ngazi. Wewe una C, uko mwaka wa pili, na yuniti nyingi umezivuka. Ukishuka, utalipia muda na karo mara mbili, na huko nako huenda ukakutana na msimbo, hata kama ni mwepesi zaidi. Ningekubali ushuke kwa sababu moja tu, nayo ni kama hali ya nyumbani inakulazimisha uwe na cheti cha kuombea kazi mapema sana, na hata hapo uulize kwanza kama yuniti ulizofaulu zitahesabiwa.

Mjomba namheshimu, kwa maana ni mtu anayekutafutia njia. Usibishane naye, mwombe mwende pamoja hadi chuoni hapo, mkaulize maswali mawili. La kwanza, je, chuo kina leseni ya TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi, na je, kozi hiyo yenyewe imeidhinishwa, kwa maana chuo kinaweza kuwa na leseni na kozi isiwe nayo. La pili, nani anayetathmini na kutoa cheti? Jibu likiwa baraza la kitaifa la mitihani, kama vile TVET CDACC au KASNEB, ombeni kuona uthibitisho, kisha mhakikishe kwa TVETA wenyewe. Jibu likiwa kwamba chuo kinatahini chenyewe na kutoa cheti chake chenyewe, basi una hatari ya kutoka na karatasi ambayo bodi ya utumishi ya kaunti au chuo kikuu hakitaitambua. Vipo vyuo vya kibinafsi vizuri, vinavyofundisha kwa uaminifu na vyenye maabara bora kuliko baadhi ya vile vya umma. Ila miezi tisa kwa stashahada nzima, pamoja na atachimenti, yaani mazoezi ya kazini, inanitia shaka kubwa, na ningependa mjomba aisikie shaka hiyo kutoka kwa maafisa wenye mamlaka badala ya kuisikia kwako.

Kuhusu karo, usimwachie mama mzigo wote kabla ya kupiga hodi kwingine. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hutoa mikopo kwa wanafunzi wa taasisi za ufundi pia, na wengi hawaiombi kwa kudhani ni ya vyuo vikuu tu. Ulizia pia basari za eneo bunge na za kaunti, kwa maana hutolewa kwa wanaoziomba mapema wakiwa na barua ya kukubaliwa na taarifa ya karo. Ikiwa hata baada ya hapo pesa haitoshi, kuna kuahirisha muhula kwa barua rasmi, ambako ni tofauti kabisa na kutoweka. Aliyeahirisha hurudi akiwa bado ni mwanafunzi.

Umeuliza pia, kwa kupita, kama huna kichwa cha kompyuta. Kazi za TEHAMA si kuandika programu peke yake. Hapa kwetu kuna hospitali, vyama vya akiba na mikopo, shule, ofisi za kaunti na kampuni za intaneti zinazosambaza nyaya za faiba mitaani, na zote zinamhitaji mtu anayeweza kuutambua mtandao ulipokatika na kuurudisha. Kazi hizo hazimiminiki; wengi huanza na kandarasi fupi au kubakizwa mahali walipofanyia atachimenti. Lakini mwenye kupenda mitandao kama wewe ana mahali pa kuelekea, na kuandika programu kutakuwa chombo chake cha pembeni, kwa mfano cha kunakili mipangilio ya ruta hamsini kwa amri moja badala ya kuiingia kila moja. Kwa hiyo umilisi unaodaiwa ni wa kukitumia chombo hicho. Si lazima kiwe ndiyo riziki yako.

Mwisho kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyatibu. Ukiwa unakaa wa tatu nyuma ya skrini na unarudi nyumbani na maumivu ya kichwa, au herufi ndogo zinacheza, nenda kliniki upimwe macho kabla ya kuilaumu akili. Nimewaona wanafunzi waliochanganya nukta na koma mwaka mzima kwa kukosa miwani. Ukiona kwamba kila ukikaribia maabara moyo unakwenda mbio, usingizi umepotea, au umeanza kukwepa darasa, muone mshauri wa wanafunzi chuoni, na usingoje hadi wiki ya tathmini. Na kwa vyovyote, fanya kazi ya karatasi niliyokueleza kwa wiki tatu, kisha umpelekee mkufunzi wako daftari hilo nje ya saa za darasa. Usimwambie, "Mwalimu, sielewi programu," kwa maana hapo hana pa kuanzia. Mfungulie ukurasa, umwonyeshe safu zako, umwambie, "Hapa nilitarajia 650 nikapata 300, na sioni kwa nini." Ukiwa hapo ofisini, muulize pia tarehe ya tathmini ya marudio, ada yake, na kama mkuu wa idara anaweza kuwaruhusu watatu nyinyi kuitumia maabara jioni.